‘Mimi silewi, daktari’: Ini lako linahesabu kila chupa

Msomaji wangu, wiki hii naomba tuzungumze juu ya sentensi moja ninayoisikia kliniki mara kwa mara. Ni fupi, na anayeitoa huitoa kwa kujiamini kabisa: “Mimi pombe nakunywa, lakini silewi.”

Siku moja aliingia chumbani kwangu mwanamume wa miaka 51, fundi ujenzi, akiwa ameshikwa mkono na mdogo wake. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Mabega na mikono vilikuwa vimekonda, lakini tumbo lilikuwa limejaa kama la mama mjamzito wa miezi minane. Macho yalikuwa ya njano. Miguu ilikuwa imevimba, na ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Nyumbani walikuwa wamehangaika naye miezi mitatu. Wapo waliosema ni minyoo, wapo waliosema amerogwa, na alikuwa ameshakunywa dawa za kila upande.

“Baba, unatumia pombe?” nilimuuliza.

“Kidogo tu, daktari. Halafu mimi silewi. Muulize huyu mdogo wangu kama amewahi kuniona nayumba.”

Mdogo wake akadakia: “Ni kweli dokta. Kaka anakunywa nne zake, anarudi nyumbani vizuri, asubuhi saa 12 yupo saiti.”

Nne zake. Yaani bia nne za nusu lita, kila jioni, tangu akiwa na miaka 31.

Nilipoanza kazi ya udaktari, jibu la “kidogo tu” lilikuwa linanitosha. Nilikuwa naliandika kwenye faili na kuendelea na swali jingine. Leo sifanyi hivyo tena. Nauliza ni kinywaji gani, chupa ngapi, siku ngapi kwa wiki na tangu lini. Kisha nachukua kalamu tunapiga hesabu pamoja na mgonjwa. Hesabu hiyo ndiyo nataka niipige na wewe leo, hasa kama na wewe ni miongoni mwa wasiolewa.

Hesabu ya chupa nne

Kinachofanya kinywaji kiitwe pombe ni kitu kimoja kinachoitwa ethanoli. Bia nyingi za chupa zina ethanoli asilimia 5. Maana yake, katika chupa ya mililita 500 kuna mililita 25 za ethanoli tupu, sawa na takribani gramu 20. Kilichobaki ni maji, ladha na gesi.

Chupa nne ni mililita 100 za ethanoli tupu kwa siku. Kwa mwaka mmoja ni lita 36 na nusu, yaani karibu ndoo mbili za lita 20. Kwa miaka 20 ni lita 730. Lile pipa la lita 200 wanalotumia mafundi kuhifadhia maji saitini, jaza matatu, kisha la nne lijaze zaidi ya nusu. Kiasi hicho cha ethanoli tupu ndicho kilichokuwa kimepita kwenye ini la fundi wetu, ini lenye uzito wa takribani kilo moja na nusu.

Nilipomwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Lakini sikuwahi kulewa.”

Na kweli hakuwahi. Ila ini halihesabu ulevi, linahesabu ethanoli.

Chupa tofauti, pombe ile ile

Wapo wanaoniambia, “Mimi daktari situmii pombe kali, natumia bia tu,” au “Mimi natumia mvinyo, tena mwekundu,” au “Ya kwangu ni mbege, ile ni chakula.” Kwenye ini na kwenye damu tofauti hizo hazipo. Ethanoli ya bia, ya mvinyo, ya mbege, ya ulanzi, ya mnazi na ya gongo ni ile ile. Kinachotofautiana ni wingi wake katika ujazo unaokunywa.

Glasi ya mvinyo ya mililita 150, wenye asilimia 12, ina takribani gramu 14. Toti moja ya mililita 30 ya pombe kali ya asilimia 40 ina kama gramu 9 na nusu. Kwa hiyo kile kichupa cha mililita 200 cha pombe kali kinachoingia vizuri kwenye mfuko wa suruali kina zaidi ya gramu 60, sawa na bia tatu za nusu lita. Wengi wanaokimaliza kituoni wakisubiri daladala hawajui kwamba wamekunywa bia tatu ndani ya dakika kumi.

Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba kuanzia Machi 1, 2017, moja ya sababu ilikuwa hiyo hiyo: pombe kali nyingi, kwenye kifungashio kidogo, kwa bei ambayo hata mwanafunzi angeimudu. Viroba vimeondoka, lakini tabia ya kubeba pombe kali mfukoni haijaondoka.

Pombe za kienyeji ni ngumu zaidi kuzipigia hesabu kwa sababu hazina kipimo. Nguvu yake hutegemea aliyeipika, siku ilizokaa na kilichoongezwa. Kata moja inaweza kuwa nyepesi leo na kali keshokutwa. Na kwenye gongo kuna hatari nyingine, kwamba wapo wauzaji wanaoichanganya na methanoli, ambayo ni kemikali ya viwandani. Mwilini, methanoli hugeuka kuwa sumu inayoua mishipa ya macho, na mtu hupofuka au kufa. Mei 2014, jirani zetu wa Kenya walizika makumi ya watu katika maeneo kama Embu na Kiambu kwa sababu ya pombe ya namna hiyo. Mtu aliyekunywa, kisha saa kadhaa baadaye akasema anaona ukungu au weupe machoni, apelekwe hospitali wakati huo huo. Asiambiwe alale kwanza pombe imtoke.

Safari yake ndani ya mwili

Ukimeza pombe, haisagwi kama ugali. Sehemu ndogo hupenya kwenye damu ikiwa bado tumboni, na sehemu kubwa hupenya kwenye utumbo mwembamba. Ukiwa umekula, chakula huichelewesha kufika huko, hivyo hupanda kichwani polepole. Ila chakula hakiifuti. Supu na nyama choma ulizotanguliza zimepunguza kasi tu, hazijapunguza kiasi.

Kutoka kwenye utumbo, damu yote hupitia kwenye ini kwanza. Ini ndilo hufanya zaidi ya asilimia 90 ya kazi ya kuiondoa pombe. Huivunja kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza hutoa kitu kinachoitwa asetaldehaidi, na hiki ni sumu kali kuliko pombe yenyewe. Hatua ya pili huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Tatizo ni kwamba ini lina spidi yake. Kwa mtu wa kawaida huondoa takribani gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kahawa, maji baridi, limao, kuoga au kutapika haviongezi spidi hiyo.

Sasa rudi kwa fundi wetu. Alikuwa akianza chupa ya kwanza saa 1 usiku. Gramu 80 zinahitaji saa 8 hadi 11 kuisha. Kwa hiyo damu yake ilikuwa inasafika kati ya saa 9 usiku na saa 12 asubuhi. Siku nyingine alikuwa anapanda jukwaa la ghorofa akiwa bado na pombe ya jana kwenye damu, na hakuna aliyegundua, hata yeye mwenyewe. Dereva wa bodaboda au wa lori anayesema “nilikunywa jana, si leo” afikirie hesabu hiyo kabla ya kuwasha chombo.

Kwa nini wengine “hawalewi”?

Ubongo ukipata pombe kila siku hujirekebisha. Pombe hupooza ubongo, basi na ubongo hujiongezea uchangamfu ili mtu aweze kusimama, kuongea na kurudi nyumbani. Ini nalo hufungua njia ya ziada ya kuivunja pombe haraka kidogo. Matokeo yake, chupa mbili zilizokuwa zinamyumbisha miaka kumi iliyopita leo hazimfanyi kitu. Anahitaji nne, kisha sita, ili asikie kile alichokuwa anakisikia zamani.

Mitaani tunamsifu mtu wa namna hii. Tunasema ana kichwa kigumu, anaimudu pombe. Kitabibu ni kinyume chake. Kulewa ni king’ora kinachomwambia mtu atosheke. Asiyelewa ni mtu ambaye king’ora chake kimezimika. Moyo, ini, kongosho na mishipa ya damu havikuzoea chochote, vinaendelea kupokea sumu ile ile, tena nyingi zaidi. Na ile njia ya ziada iliyofunguliwa na ini, pamoja na kuongeza kasi, huzalisha taka zinazochubua seli za ini lenyewe.

Ndiyo maana mgonjwa anaponiambia halewi, sifurahi. Naongeza maswali.

Ini lisilolalamika

Ndani ya ini hakuna mishipa ya kuhisi maumivu. Lingekuwa linauma kama jino, wengi wangeacha pombe mwaka wa kwanza. Ini huharibika kimya kimya, kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni mafuta kujazana kwenye ini. Kati ya watu 10 wanaokunywa zaidi ya gramu 60 kwa siku, ambazo ni kama bia tatu, takribani 9 wana hali hii. Hawaumwi, wanafanya kazi, wanacheza mpira. Habari njema ni kwamba hatua hii inarudi nyuma. Ukiacha pombe, mafuta huanza kuondoka ndani ya wiki chache.

Hatua ya pili ni ini kuvimba kwa kuchubuliwa na sumu. Hapa wengine hupata homa, macho ya njano, kukosa hamu ya kula na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu. Wengine hawapati dalili yoyote.

Hatua ya tatu ni makovu, ambayo hospitali tunaiita sirosisi. Nyama laini ya ini inageuka kuwa ngumu kama kovu la moto. Kati ya wanywaji wazito 10, mmoja au wawili hufika hapa. Damu inayotoka kwenye utumbo ikikuta ini limekuwa gumu hushindwa kupita, inatafuta njia za pembeni. Mishipa ya sehemu ya chini ya koo la chakula inajaa na kutuna, na siku moja inaweza kupasuka mtu akatapika damu. Maji yanavuja na kujaa tumboni. Takataka zilizopaswa kusafishwa zinapanda kwenye ubongo, na mtu anaanza kusahau, kulala mchana, kuongea yasiyoeleweka. Huyo ndiye ambaye majirani husema amerogwa.

Naomba nieleweke hapa. Si kila mwenye tumbo la maji au macho ya njano ni mlevi. Hapa kwetu homa ya ini aina ya B ipo, na kichocho cha tumbo kipo, hasa kwa watu wa kando ya maziwa. Usimnyooshee mgonjwa kidole. Lakini ukiwa na homa ya ini B kisha unakunywa, ujue ini lako linapigwa kutoka pande mbili na litafika kwenye makovu mapema.

Si ini peke yake

Moyo na mishipa. Pombe hupandisha shinikizo la damu. Nina wagonjwa wanaoongezewa dawa ya presha kila wanapokuja, kumbe dawa ya kwanza ilikuwa kuacha zile chupa za jioni. Pombe pia huvuruga mapigo ya moyo, huongeza hatari ya kiharusi, na kwa wanaokunywa sana kwa miaka mingi hulegeza misuli ya moyo hadi ushindwe kusukuma damu. Kuhusu ile habari kwamba mvinyo mwekundu ni dawa ya moyo, Januari 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Kama hunywi, usianze kwa sababu ya moyo wako.

Saratani. Tangu mwaka 1988 pombe imewekwa na wataalamu wa saratani wa WHO katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lile lile iliyomo sigara. Inahusishwa na saratani za mdomo, koromeo, zoloto, koo la chakula, ini, utumbo mpana na titi. Mhusika mkubwa ni ile asetaldehaidi, inayoharibu vinasaba vya seli. Ukanda wetu wa Afrika Mashariki una wagonjwa wengi wa saratani ya koo la chakula, na pombe ni mojawapo ya sababu zake. Anayekunywa na kuvuta sigara anaongeza hatari kuliko anayefanya kimoja tu.

Kongosho. Kiungo hiki kinachotengeneza insulini kinaweza kuvimba ghafla baada ya kunywa sana. Maumivu yake ni ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, na mgonjwa hujikunja. Kikivimba mara kwa mara hukauka, na kisukari kinafuata.

Nguvu za kiume. Hili wanaume huniuliza wakiwa wameshasimama mlangoni wanaondoka. Pombe ya muda mrefu hupunguza homoni ya kiume, hudhoofisha mishipa ya fahamu na kupunguza mbegu. Wengine huota matiti. Dawa za kuongeza nguvu zinazouzwa mtaani haziwezi kushindana na chupa nne za kila siku.

Ubongo. Mnywaji mzito mara nyingi hali vizuri, na pombe huzuia mwili kufyonza vitamini B1. Vitamini hiyo ikiisha, mtu anaanza kuyumba hata asipokunywa, anaona vitu viwili viwili na anapoteza kumbukumbu. Ikitibiwa mapema inarudi. Ikicheleweshwa, kumbukumbu hairudi.

Kwa ripoti ya WHO iliyotolewa mwaka 2024, pombe ilihusika na vifo milioni 2.6 duniani katika mwaka 2019 pekee. Humo yamo magonjwa niliyoyataja, na zimo pia ajali, ugomvi na kujiua.

Kwa akina mama

Dada yangu unayekunywa sawa na mumeo, chupa kwa chupa, ujue kwamba hamko sawa. Mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji machache, hivyo kiasi kile kile cha pombe kinakuwa kikali zaidi kwenye damu yake. Ini lake huharibika kwa kiasi kidogo na kwa miaka michache zaidi. Na kwa upande wa titi, kila gramu 10 za pombe kwa siku, ambazo ni nusu chupa ya bia, huongeza hatari ya saratani kwa takribani asilimia 7.

Kama ni mjamzito, pombe unayokunywa inapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na ini lake bado halijakomaa kuiondoa. Mtoto anaweza kuzaliwa na kichwa kidogo, uzito pungufu, na baadaye akawa mgumu kuelewa darasani. Hakuna mwezi wa mimba ambao pombe ni salama, wala hakuna bia nyeusi inayoongeza damu. Damu inaongezwa na vidonge vya madini chuma unavyopewa kliniki, maharage, dagaa, mboga za majani na nyama. Wanaokuambia pombe inaongeza maziwa baada ya kujifungua nao wanakosea. Pombe huzuia homoni inayosukuma maziwa yatoke, na huingia kwenye maziwa yenyewe.

Kama unatumia dawa

Mwambie daktari ukweli kuhusu pombe kabla hajakuandikia dawa. Dawa za kifua kikuu hupitia kwenye ini, na pombe huongeza uwezekano wa ini kuumia. Panadol nyingi kwa mtu anayekunywa kila siku ni hatari, na ndicho wengi wanachomeza asubuhi kutuliza kichwa cha mning’inio. Mwenye kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge akinywa bila kula, sukari inaweza kushuka usiku hadi akazimia, na walio karibu wakadhani amelewa. Anayetumia dawa za usingizi au za kifafa akichanganya na pombe anaweza kupumua kwa shida na kufa usingizini. Na anayetumia ARV, mara nyingi tatizo linaanza pale pombe inapomsahaulisha dozi.

Kuzimua, na hatari ya kuacha ghafla

Sasa naomba usome kwa makini, kwa sababu hapa watu hufa kwa kukosa taarifa.

Nimesema ubongo wa mnywaji wa kila siku hujiongezea uchangamfu ili kupambana na pombe. Pombe ikiondolewa ghafla, uchangamfu unabaki bila breki. Saa 6 hadi 24 baada ya chupa ya mwisho, mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unaenda mbio, kichefuchefu kinakuja. Anayeamka hivi, akapiga chupa moja na supu “kuzimua”, na mtetemeko ukaisha, asidhani ametibu mning’inio. Ameulisha mwili ambao tayari unategemea pombe. Kuzimua ni dalili ya ugonjwa.

Kwa wengine hali inapanda. Ndani ya siku mbili za mwanzo wanaweza kupata degedege. Siku ya pili hadi ya nne wanaweza kuweweseka, kuona wadudu ukutani, kusikia sauti, kupata homa na kutomtambua mke wala mtoto. Hali hii isipotibiwa inaua.

Niliwahi kupokea kijana ambaye ndugu zake, kwa nia njema kabisa, walimfungia chumbani ili aache pombe. Siku ya tatu alianza kupiga kelele kwamba kuna nyoka kitandani. Wakaita watu wa maombi wakijua ni mapepo. Alipopata degedege mara mbili ndipo wakamleta. Tulimpa dawa ya kutuliza ubongo, maji na vitamini B1, na baada ya siku tano aliondoka akiwa na akili zake. Mama yake aliniuliza, “Ina maana mwanangu, tungemuua kwa kumsaidia?” Nikamjibu kwamba hawakukosea kutaka aache, walikosea kumfungia.

Kwa hiyo, kama unakunywa kila siku na unatetemeka asubuhi, au umewahi kupata degedege ulipokosa pombe, usiache peke yako nyumbani. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, uliza kliniki ya afya ya akili. Utapewa dawa kwa siku chache huku ukiangaliwa, kisha ushauri. Zipo pia dawa za kupunguza hamu ya pombe kwa wanaozihitaji, na vipo vikundi vya watu walioacha wanaoshikana mkono. Utegemezi wa pombe ni ugonjwa, na unatibiwa kama magonjwa mengine.

Jipime leo

Jibu maswali haya ukiwa peke yako, bila mtu wa kumdanganya:

1. Umewahi kujiambia unapaswa kupunguza pombe?
2. Hukasirika watu wakikusema kuhusu unywaji wako?
3. Umewahi kujisikia vibaya au kujilaumu kwa sababu ya kunywa?
4. Umewahi kunywa asubuhi ili kutuliza mwili au mning’inio?

Ukiwa na “ndiyo” mbili au zaidi, zungumza na mhudumu wa afya. Hata kama ni moja, na hiyo moja ni ya nne, nenda.

Kisha piga hesabu yako. Andika kwenye daftari au kwenye simu kila unachokunywa kwa wiki moja, bila kupunguza. Kama hutetemeki asubuhi na unataka kupunguza, weka siku kamili zisizo na pombe, usiende baa ukiwa na njaa, kunywa maji kati ya chupa na chupa, na epuka utaratibu wa kila mtu kununua mzunguko wake, kwa sababu huo humfanya mwenye mbili anywe sita. Omba upimwe presha, ini na homa ya ini B. Lakini kipimo cha damu kikitoka kizuri usikichukulie kama kibali, maana ini linaweza kuwa na mafuta huku kipimo kikionekana sawa.

Wahi hospitali mara moja ukiona kutapika damu, choo cheusi kama lami, macho ya njano, tumbo kujaa, kuchanganyikiwa au degedege.

Kaka na mdogo wake

Fundi wetu tulimlaza. Tulimtoa maji tumboni, tukampa dawa, na hakunywa tena hata tone. Kuacha pombe husaidia hata ini lenye makovu, na yeye alipata nafuu. Miguu ilishuka, alianza kula, akarudi saitini kusimamia vijana ingawa hakuweza tena kubeba tofali. Mwezi wa nane alitapika damu usiku. Walipofika hospitali ilikuwa alfajiri, na hatukumuwahi.

Lakini nakumbuka zaidi siku ile ya kwanza. Kaka alipokuwa amepelekwa wodini, mdogo wake alirudi akasimama mlangoni kwangu. Alikuwa na miaka 39. Akasema kwa sauti ya chini, “Dokta, zile nne za kaka, na mimi huwa nakunywa nne. Na mimi silewi.”

Nikamuuliza kama anatetemeka asubuhi, akasema hapana. Tulimpima. Ultrasaundi ilionyesha mafuta kwenye ini, makovu bado. Aliacha siku ile ile. Baada ya miezi mitatu alirudi, mafuta yamepungua sana, na presha iliyokuwa juu imeshuka bila dawa. Bado anakuja kliniki kila baada ya miezi sita, na kila akija ananiletea karatasi ile niliyompigia kaka yake hesabu ya mapipa. Ameikunja ndani ya kitambulisho chake.

Chupa zilikuwa zile zile na nyumba ni moja. Mmoja aliuliza tumbo likiwa limeshajaa, mwingine akauliza akiwa bado mzima. Wewe unayesema hulewi, uliza sasa.

Tukutane wiki ijayo.